Hadithi yangu ya vita vya kugombea kiti imekwama kwenye harusi, nisaidieni

kalamu_ya_usiku

Wadau, salaam. Mchana nina kibanda cha uwakala wa fedha hapa Muheza, usiku naandika. Hata mchana naibia, kati ya mteja na mteja, kwa simu hii hii ya kutolea risiti.

Nina hadithi ya kubuni, zama ambazo hazijawahi kuwepo, kisiwa chenye wachawi wa upepo na majoka ya baharini. Majoka siyaulizii, hayo nayamudu. Wanaonishinda ni watu.

Mfalme amefia baharini bila wasia. Ana watoto watatu wa kiume, kila mmoja na mama yake. Mkubwa yuko ng'ambo na jeshi, wa pili ameshika ikulu na hazina, wa tatu hana kitu ila domo na vijana wa mtaani. Huyu wa pili nimemwoza binti wa Bwana Bandari, mwenye majahazi 40. Sura ya 17 yote ni harusi: siku tatu, ngoma, biriani, nguo nimezieleza mpaka uzi wa dhahabu kwenye pindo. Sura ya 18 majahazi 40 yanatia nanga, vita imekwisha.

Naituma vipande vipande kwenye kundi letu la WhatsApp, tuko 63. Sura ya 17 ilipita kimya kama tangazo la mkutano wa kijiji. Aliyejibu ni mmoja tu, mama muuza vitumbua ambaye huwa hakosi: "Mwanangu, huyo bibi harusi hana kwao? Tangu kaolewa sijasikia hata mtu mmoja wa kwao aliyekuja kumjulia hali."

Wiki mbili sijaandika mstari.

Nataka kujua mambo yalivyokuwa kweli. Watu wakigombea kiti, ndoa huleta askari au huleta maneno tu? Nani hukaa kitako kuipanga? Na binti mwenyewe ana sauti, au ni mzigo unaopakuliwa bandarini? Mwenye mfano wa historia anipe, sipendi kubuni kitu ambacho watu walishakiishi vizuri kuliko mimi.

chomachoma_07

Waue wote ukumbini biriani ikiwa bado ya moto. Tatizo limekwisha.

kalamu_ya_usiku

Hiyo watu wameizoea mno kwenye tamthilia mkuu. Halafu biriani nimeipika kurasa mbili, sitaki imwagikiwe damu.

mwalimu_wa_baraza

Kalamu mwanangu, mama wa vitumbua kakumaliza, mimi naja kuongezea tu.

Nimesomesha historia miaka 31 hapa Unguja, na nilipousoma muhtasari wako nilicheka peke yangu barazani mpaka mjukuu akaniuliza kulikoni. Mfalme kafia baharini. Watoto wa mama mbalimbali. Mkubwa ng'ambo, wa pili kwenye jumba, wa tatu ana domo na vijana. Wewe umeiandika Unguja ya 1856 bila ya kujua, umetia majoka tu.

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alifariki Oktoba 1856 ndani ya manowari yake Victoria, karibu na Shelisheli, akirudi kutoka Maskati. Mwanawe Thuwaini alibaki Maskati kashika Oman. Mwanawe mwengine, Majid, alikuwa Unguja. Na ndani ya meli ile ile, pamoja na maiti ya baba, alikuwemo Barghash, kijana hajafika miaka 20. Maiti haikutoswa baharini. Barghash akaileta, akaizika usiku kimyakimya, kisha akenda kuitaka ngome kabla Majid hajapata habari. Askari wa Kibulushi waliokuwa wakilinda wakamkatalia. Hapo ndipo ndugu walipoanza kuangaliana kwa pembe ya jicho.

Sasa nakuuliza, katika ugomvi ule harusi ilikuwa wapi? Hakuna. Wala si kwa bahati.

Mke wa ndoa wa Sayyid Said, Bibi Azza bint Seif, wa damu ya kifalme ya Oman, alikuwa mwanamke ambaye jumba zima likimtetemekea, lakini hakuzaa. Watoto waliobaki hai siku baba yao anafariki walikuwa 36, na wote mama zao masuria: Wacherkasi wa milima ya Kaukazi, Wahabeshi na wengineo. Kisheria ni watoto kamili, hakuna aliyewacheka. Lakini mzingatie suria mwenyewe. Kanunuliwa mbali, kaletwa kwa jahazi. Hana baba mjini, hana kaka mwenye jambia kiunoni, hana ukoo utakaopigiwa mbiu. Maana yake watoto wale hawakuwa na wajomba. Hebu lisome tena hilo neno, kwa sababu ndilo alilokuuliza mama wa vitumbua kwa lugha ya kitumbua.

Mtoto wa mfalme asiye na mjomba hukimbilia wapi? Kwanza kwa ndugu wa tumbo moja. Pili kwa watu wa mama yake kwa rangi na lugha, ndiyo maana ndani ya majumba yale Wacherkasi na Wahabeshi walikuwa hawaivi chungu kimoja, na Majid mama yake Mcherkasi, Barghash mama yake Mhabeshi. Tatu, kwa kabila lenye kisasi chake: Barghash aliegemea Waharthi, ambao walikuwa na yao ya zamani na Mabusaidi, ukoo wa Sayyid Said. Na nne kwa dada zake.

Dada! Usiwasahau. Mwaka 1859 Barghash alikuwa kazingirwa nyumbani kwake na askari wa Majid. Dada zake wawili, Khole na Salme, wakatoka usiku na msafara wa wanawake, wakafika mlangoni, wakataka kusema na mkuu wa askari uso kwa uso, jambo ambalo binti wa Sayyid Said halifanyi. Yule bwana akababaika, akawaruhusu waingie kumuona ndugu yao. Walipotoka, kundi lilikuwa limeongezeka. Barghash kavikwa nguo za kike, yamebaki macho tu, yuko katikati yao. Askari gani atathubutu kumfunua mwanamke katika msafara wa mabinti wa Said? Wakavuka mji hivyo hivyo mpaka alipokuwa akingojewa.

Na barua za njama ile aliziandika Salme, msichana wa miaka 15. Kwa nini yeye? Kwa sababu aliweza. Mabinti wa jumba walifunzwa kusoma tu, kuandika mwiko. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili aya kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwanangu, wewe una kurasa mbili za biriani. Huna mfupa wa ngamia hata mmoja.

Njama ilivunjika. Shamba la Marseille, kule Machui, likapigwa mizinga kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay. Thuwaini naye mwaka ule ule alikuwa ameanza safari na merikebu kuja kumtoa Majid, Waingereza wakamrudisha njiani. Aprili 1861 Lord Canning, mtawala wao wa India, akakata shauri: Maskati ya Thuwaini, Unguja ya Majid, na Majid amlipe kaka yake riale 40,000 kila mwaka. Wana wa mfalme wasio na wajomba, shauri lao lilikatwa na mgeni mwenye manowari. Katika kisiwa chako mgeni huyo ni nani? Wachawi wa upepo? Basi wape ofisi na karani, wasiwe wanavuma tu.

Usije ukafikiri Sayyid Said hakuijua ndoa ya siasa. Aliijua, ikamkatalia. Mwaka 1833 alikuwa akihangaika na Wamazrui wa Mombasa, akapeleka posa Bukini, yaani Madagaska, kwa Malkia Ranavalona, na katika posa hiyo hiyo akaomba askari 2,000. Malkia akajibu kwa adabu kubwa: sheria hainiruhusu kuolewa, ila yupo binti mwengine wa kifalme, na askari utapata. Halafu akaagiza mkufu wa marijani wa thamani ya riale 1,000. Bibi harusi hakuja, askari hawakuja. Mombasa aliipata 1837 kwa kuwagonganisha Wamazrui wenyewe kwa wenyewe. Sura nzima unayo hapo: posa inayokwenda na kurudi kwa jahazi, kila barua ina tabasamu, na kinachozungumzwa ni bei.

Baadaye alioa mwanamke wa Kiajemi wa ukoo wa Shah Fath Ali. Hamamu aliyomjengea Kidichi mwaka 1850 ipo mpaka leo, juu ya mwinuko katika mashamba ya viungo. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi kila mwaka. Ukiingia kutoka juani huoni kitu, mpaka macho yazoee, ndipo yanapojitokeza mapambo ya lipu ukutani, maua na ndege. Nikiwaambia: huyu alikuja na Waajemi wake, akipanda farasi na kuwinda, na jumba likamchukia. Akaachwa, akarudi kwao. Watoto hakuacha. Kilichobaki cha muungano ule ni bafu.

La mwisho, maana mjukuu anataka simu yake. Salme yule yule 1866 akatoroka, akaolewa Aden na mfanyabiashara wa Kijerumani wa Hamburg. Ndoa ya mapenzi, haina siasa hata chembe. Mume akafa 1870 kwa ajali ya tramu. Agosti 1885 Salme akarudi kuiona Unguja, akiwa pamoja na manowari za Wajerumani, wakati Bismarck, mkuu wa serikali yao, akimbana Barghash, sasa ndiye Sultani, ayakubali madai yao ya bara. Dai la mjane la urithi wa baba yake likawa karata mkononi mwa Bismarck. Ndugu aliyemvusha mji kwa nguo za kike hakukubali kumuona.

mshenga_wa_mabibo

Mwalimu shikamoo. Mimi historia ya vitabuni sina, ila nimeshakuwa mshenga mara tisa, na nakubaliana na mama wa vitumbua asilimia zote.

Kalamu, umeandika harusi. Harusi ni siku ya kula. Mambo yote huwa yameshaisha kabla, kwenye mkeka, watu wamevua viatu. Nikupe kisa kimoja, majina naweka kando.

Tulikwenda upande wa Bagamoyo, posa ilishajibiwa, orodha tunayo: mahari, mkaja wa mama, kilemba cha baba, blanketi la bibi, kila kitu na bei yake. Bahasha iko kwenye mfuko wa kanzu yangu. Tunaongea vizuri, tunataniana. Karibu na mlango alikaa mzee mmoja, kofia ya kiua, hajagusa chai wala haluwa. Nilimwona, nikamdharau, nikadhani jirani. Nilipotoa bahasha tu, akakohoa. "Samahani wageni. Huyu binti mnayemzungumzia ni mtoto wa dada yangu. Mimi sijaletewa habari na mtu." Basi. Akanyamaza. Baba wa binti akatazama mkeka. Mama huko ndani, tulikuwa tunasikia vikombe, vikombe vikaacha kulia.

Tulirudi Dar na bahasha yetu. Ilituchukua wiki tatu na safari mbili, kanzu na kilemba cha mjomba, na mimi binafsi kuomba radhi mbele za watu. Na yule mzee alikuwa hataki hela. Alitaka ijulikane kwamba binti ana mtu.

Sasa majahazi 40. Hakuna mzee mwenye akili anayekupa majahazi 40 siku ya ndoa. Unapewa 10, "tuone kwanza". Mengine 10 binti akipata mimba. Mengine akizaa wa kiume na mtoto akitangazwa mbele ya watu. Na wewe mkwe unalipa mafungu vile vile: leo ushuru wa bandari, kesho ukadhi wa mji kwa shemeji. Ukichelewesha fungu, mke anaitwa kwao "mama yake anaumwa kidogo", na hapo vita yako inasimama wima inasubiri homa ya mkwe.

Na mshenga yuko wapi katika hadithi yako? Mtu anayejua bei ya pande zote mbili ndiye mtu hatari kuliko joka.

kijana_wa_maktaba

Naomba niwatoe pwani kidogo, niende Uingereza karne ya 15, familia za York na Lancaster zilizogombea kiti cha mfalme, maana kule wajomba na mashemeji walikuwa tele na waliwamaliza.

Edward wa Nne, wa York, alipata kiti 1461 kwa nguvu za Earl wa Warwick. Mwaka 1464 Warwick anahangaika na Ufaransa kumtafutia Edward mchumba, Bona wa Savoy, shemeji wa mfalme wa kule. Kumbe Edward ameshaoa kwa siri mwezi Mei, mjane mwenye watoto wawili, Elizabeth Woodville, ambaye mume wake wa kwanza alikufa akipigana upande wa adui. Miezi kadhaa anamwacha Warwick aendelee na posa! Hebu mshenga hapo juu atuambie angejisikiaje.

Lakini tusi lilikuwa dogo kuliko hesabu. Elizabeth alikuja na ndugu wengi, na wote walihitaji kuoa na kuolewa. Wanaume wa vyeo waliokuwa sokoni wakachukuliwa mmoja mmoja na dada zake malkia. Kaka yake John, umri kama miaka 20, akaozwa bibi tajiri wa zaidi ya miaka 60, mjane wa Duke wa Norfolk. Na huyo bibi ni shangazi yake Warwick. Yaani shemeji mpya ameingia mpaka chumbani kwa shangazi. Warwick mwenyewe ana mabinti wawili, hana pa kuwapeleka.

Alipowapeleka ndipo moto ukawaka. Mkubwa, Isabel, akamwoza mdogo wake mfalme, George, huko Calais, Julai 1469, kinyume na amri. Mwaka huo huo akamkata kichwa yule John wa bibi kizee. Bibi akabaki hai zaidi ya miaka 10 baadaye. Uasi ukakwama, 1470 Warwick akaenda kumpigia magoti Margaret wa Anjou, malkia wa upande wa Lancaster, adui yake wa miaka yote, na binti wa pili, Anne, akaozwa mtoto wa Margaret. Baba mmoja, mabinti wawili, kila mmoja kwa mgombea tofauti wa kiti kile kile. George akajikuta ameoa nyumba ambayo sasa inamtaka mfalme mwingine, akarudi kwa kaka yake.

Kalamu, Bwana Bandari wako ana binti mmoja tu? Mpe wa pili.

Na Henry Tudor, mgombea wa upande wa Lancaster, je? Krismasi 1483, akiwa mkimbizi Rennes, aliapa kanisani kumwoa Elizabeth wa York, binti wa Edward na Elizabeth Woodville. Waliolipika jambo hilo ni mama zao wawili, mmoja amejificha kanisani Westminster, ujumbe ukipitia kwa daktari aliyekuwa anawatibu wote wawili. Henry akashinda vita vya Bosworth Agosti 1485, akapata kiti. Unadhani alikimbilia kuoa? Akavikwa taji kwanza, Oktoba. Bunge likamthibitisha. Ndipo Januari 1486 akafunga ndoa, na mke akangoja taji lake mpaka Novemba 1487. Hakutaka mtu aje kusema kiti amepewa na mke.

mwalimu_wa_baraza

Huyo daktari wa mama wawili ni dhahabu. Kalamu, mwibe.

nyamirambo_kwetu

Niko Kigali, Kiswahili changu ni cha Nyamirambo, mtanisamehe ngeli.

Nyinyi mnaongea mke, mke. Huku kwetu nguvu ilikuwa kwa mama wa mfalme. Mwami, yaani mfalme wa Rwanda, alitawala pamoja na umugabekazi, huyo mama wa mfalme, na huyo alitoka katika koo maalumu, kama Abega na Abakono. Kwa hiyo ukioza binti ikulu hutazami mume wake, unatazama miaka 20 mbele, mtoto wake atakaa wapi.

Mwami Rwabugiri alimteua mwanawe Rutarindwa kuwa mrithi akiwa yeye mwenyewe bado hai. Mama yake Rutarindwa alikuwa ameshafariki, na alikuwa wa Abakono. Kiti cha mama hakikai wazi, basi Rwabugiri akampa mke wake mwingine, Kanjogera wa Abega, awe mama wa mfalme. Mama wa kupewa. Na Kanjogera ana mtoto wake wa kumzaa, mdogo, anaitwa Musinga. Na ana kaka, Kabare.

Hata asiyejua historia anaona inakwenda wapi. Rwabugiri akafa 1895. Desemba 1896, Rucunshu, watu wa Kanjogera na watu wa Rutarindwa wakapigana, na Rutarindwa alipoona ameshindwa akateketea ndani ya nyumba pamoja na familia yake. Musinga akawa Mwami akiwa bado kijana mdogo. Waliotawala ni mama na wajomba. Wabelgiji walipomuondoa Musinga 1931, Kanjogera alikuwa bado yuko, akaenda naye uhamishoni.

Kosa la Rwabugiri ni nini? Alimpa mtoto mama, akasahau kwamba mama huja na kaka zake. Rutarindwa wajomba zake walikuwa wa nyumba nyingine. Nyumbani mwake mwenyewe alizungukwa na wajomba wa mtu.

Baganda nao, jirani zetu, mwana wa mfalme alifuata ukoo wa mama yake, si wa baba. Ukoo wa kifalme haukuwepo. Kila ukoo ulikuwa na tumaini: leta binti, huenda zamu ijayo ni yetu. Na mama wa Kabaka, mfalme wao, alikuwa na jumba lake mbali, ng'ambo ya kijito, asikae kilima kimoja na mtoto. Walioweka kijito kile walijua kwa nini.

chomachoma_07

Nafuta wazo langu la biriani.

mshenga_wa_mabibo

Halafu mmemsahau Liyongo jamani, yule shujaa wa tenzi, na yuko hapa hapa pwani. Mfalme wa Pate alishindwa kumuua kwa mishale, akamtumia mtoto wake wa kumzaa. Alimwahidi nini? Uwaziri na binti yake. Kijana akaenda kwa baba, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Na binti hakupewa. Kalamu, ndoa iliyoahidiwa hufanya kazi kubwa kuliko ndoa iliyofungwa, maana ahadi haigharimu hata nazi.

kalamu_ya_usiku

Nimekaa kimya siku nne, msidhani nimekimbia. Leo mvua imenyesha tangu asubuhi, wateja hakuna, nimeandika.

Sura ya 17 nimeifuta. Nguo zimekwenda, biriani nimebakisha sufuria moja. Majahazi 40 sasa ni 10, na nahodha wa kila moja ana amri kwa Bwana Bandari, hana amri kwa mkwe. Mabinti ni wawili. Wa pili ameahidiwa yule ndugu mwenye domo, lakini hilo msomaji analijua, ikulu hailijui. Daktari nimemwiba, nimemfanya mama mkunga anayeingia nyumba zote mbili, na ndiye anayejua kuandika. Mwalimu, mfupa nimeutumia, ila kisiwani kwangu hakuna ngamia, ni mfupa wa nguva.

Mgombea wa pili nimempa mama aliyeletwa kutoka mbali, hana ndugu. Sura ya kwanza sasa anauliza, akiwa na miaka saba, kwa nini wenzake siku ya kutahiriwa walishikwa na wajomba na yeye alishikwa na askari. Nilipoituma kwa mama wa vitumbua usiku, akanijibu kwa sauti, sekunde nane, tano za mwanzo hasemi kitu.

Sura mpya ya 17 inaanza hivi, niambieni:

"Walipokwisha kukubaliana bei ya bahari, mshenga alitoa mkufu na kuuweka juu ya mkeka. Hakuna aliyeugusa. Mzee mmoja, ambaye tangu alfajiri alikuwa amekaa peke yake akikata kucha kwa kisu kidogo, aliuliza kama chai imekwisha."

Nimekwama kitu kimoja tu. Huyo mzee nimemkalisha kulia kwa Bwana Bandari. Ni sawa?

mshenga_wa_mabibo

Hapana. Msogeze mlangoni, karibu na viatu vya wageni. Na asiulize chai. Chai iwe mbele yake, imepoa.